Mgeni Anapokaribia Kuondoka

Sumbawanga ni mji wa baridi. Uko juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari.

Nilitembea vijijini Ufipa na kijana mmisionari kutoka ng'ambo. Wiki zake za kurudi kwao zilikuwa zimekaribia. Tuliona matuta ya mviringo yaitwayo ntumba. Wakulima hufukia majani chini ya udongo, na juu hupanda maharage. Majani huoza, yakawa mbolea. Msimu ufuatao tuta huvunjwa, ukapandwa ulezi. Ujuzi huo wazazi huwarithisha watoto.

Lakini pampu ya kisima aliijua kijana yule peke yake. Mama mmoja akamwuliza, "Mwanangu, ukiondoka, ikiharibika tumwite nani?" Kijana alinyamaza. Kesho yake alianza kuwafundisha vijana wawili kuifungua na kuifunga.

Wako wageni wasiorudi. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, nchini Mali. Alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Wengi, hata hivyo, huondoka.

Ndugu msomaji, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kama kijijini kwenu yuko mgeni mwenye ujuzi, msingoje siku ya kuagana. Jifunzeni kwake sasa.