Nyavu Tupu Zina Sababu

Kando ya ziwa letu, nyavu zikirudi tupu siku nyingi, watu wengine huanza kunong'ona juu ya mama fulani mzee, eti ndiye aliyewafunga samaki. Maneno ya namna hii yaweza kumfukuza mtu nyumbani mwake.

Mwaka 2018 nilisafiri kutoka Kalemie mpaka Uvira. Nilitembea ufukoni karibu na kituo cha CRH, ambapo wataalamu huchunguza maji ya Tanganyika na viumbe vyake. Mmoja wao alinieleza mambo, nami nawapasheni.

Ziwa lina kina cha mita 1,470. Lakini upande ule wa kaskazini, chini ya mita 100 hivi, hamna hewa ya kumtosha samaki. Mbolea ya maji imelala huko chini. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huyavuruga maji, mbolea ikapanda. Vijimea huota, wadudu wadogo huvila, ndagaa huwala wadudu, na mikebuka huwala ndagaa. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba maji ya juu yamezidi joto. Maji yenye joto ni mepesi, hukaa juu kama mafuta, na upepo hauyachanganyi vema kama zamani. Tena nyavu zimekuwa nyingi, na matundu yake madogo mno.

Basi, ndugu, matundu ya nyavu twaweza kuyapanua sisi wenyewe. Mama mzee tumwache akae kwake kwa amani, maana si yeye aliyelipasha ziwa moto.