Nyumba ya Dracula na Jina la Sumbawanga

Jina la Sumbawanga lina maneno mawili ya Kifipa ndani yake. Sumba ni kutupa, na wanga ni uchawi. Hivyo ndivyo wenyeji walielezavyo, na maana yake ni amri: tupa uchawi. Mtu aingiaye mjini aamriwa kuacha nje kila kibaya alichokuja nacho, kama aingiaye msikitini aachavyo viatu mlangoni. Walakini safari ya jina hili kutoka nyanda za juu hata pwani ni ndefu, na njiani limepinduka. Likifika Dar es Salaam halisikiki tena kama amri ya kutupa, bali kama tangazo la ghala. Husimuliwa habari za radi iliyotumwa kwa mdeni, za mtu aliyelala chumbani akaamka uwanjani, na za ungo urukao usiku. Msimulizi wa habari hizo aghalabu hajapita Mbeya.

Msichana mmoja wa Kifipa, aliyezaliwa katika kijiji kisicho mbali na mji huo, alilichukua jina hilo pamoja na sanduku lake mpaka chuo kikuu. Siku ya kwanza bwenini aliulizwa kwao ni wapi, akataja. Mwenzake wa chumba alicheka kwa wema, kisha akanyosha mkono akaliondoa chanuo lake, lililokuwa na nywele mbili tatu menoni, juu ya meza yao ya shirika. Ulikuwa mzaha, na wote wawili waliuchukua kuwa mzaha. Lakini chanuo lile halikurudi mezani mwaka mzima.

Mwaka uliofuata iliwekwa katika masomo ya fasihi riwaya ya Dracula, ya Bram Stoker, mtu wa Ireland, iliyochapwa mwaka 1897. Kazi waliyopewa wanafunzi ilikuwa ya kawaida: kueleza mandhari, wahusika na taharuki, na namna mambo hayo matatu yanavyosaidiana. Wakasoma kwa zamu darasani. Wakafika mahali ambapo Jonathan Harker, mwanasheria kijana kutoka Uingereza, yumo hotelini, safarini kwenda kwenye ngome ya mkabaila aitwaye Dracula. Wenyeji wake wasikia aendako, wafanya ishara ya msalaba, na mama mwenye nyumba amsihi asiende. Alipokataa, akamvika rozari shingoni. Darasa lilikuwa kimya. Yule msichana peke yake alicheka. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba ishara ile yeye huiona kila atajapo kwao.

Kicheko hicho chafundisha zaidi ya majibu mengi yaliyoandikwa siku ile. Wenzake wote walikuwa wamepanda gari pamoja na Harker, wakitetemeka naye. Yeye alikuwa dirishani mwa ngome, akimtazama mgeni anakuja.

Riwaya za namna hii huitwa za Kigothi. Neno lenyewe lilikuwa kwanza la ujenzi, la makanisa na ngome za zamani za Ulaya zenye matao yaliyochongoka. Horace Walpole alipoandika kisa chake cha ngome ya Otranto, mwaka 1764, likahamia katika hadithi. Hapana sharti kwamba mwandishi apajue mahali anapopaandika. Ann Radcliffe aliijenga ngome ya Udolpho katika milima ya Italia, mwaka 1794, bila kuiona Italia hata siku moja. Stoker hakufika Transylvania. Aliitoa katika vitabu vya wasafiri na maktaba za kwao. Hili si kosa lao. Mandhari ya Kigothi huzaliwa na umbali: mahali pawe mbali kiasi ambacho msomaji hawezi kumtuma mtu akaulize, na pawe karibu kiasi cha kufikika kwa treni. Stoker ni hodari katika hilo la pili. Ukurasa wake wa kwanza umejaa saa za treni, kuondoka na kuchelewa, hata msomaji aona kwamba akipata nauli naye angefika. Kisha reli yaisha, gari la farasi laanza, na kila mlango uliofunguka kwa kuingia haufunguki tena kwa kutoka.

Mtu akizipeleka nyanda za Ufipa katika mizani hiyo, hazielekei kuwa mandhari ya kutisha. Zimeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na Sumbawanga yenyewe iko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari. Sehemu kubwa ni majani matupu na upepo. Msitu wa Mbizi uko juu ya milima, lakini aliye uwandani humwona mpita njia tangu angali nukta, akakua polepole mpaka akawa mtu mwenye mzigo na salamu. Vijiji vimesongamana, nyumba kwa nyumba, na mashambani husimama matuta ya mviringo ambamo majani hufukiwa yaoze yawe mbolea. Giza lipo, kama lilivyo kila mahali jua litokapo likatua, ila pa kujificha ni pachache.

Magofu nayo yapo, kwa atakaye magofu. Ni tanuri za kuyeyushia chuma, ziitwazo malungu, minara ya udongo ipatayo mita tatu, iliyoachwa porini tangu kazi hiyo ilipokoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mgeni akiuona mmoja wakati wa magharibi, na miti imeota ubavuni mwake, aweza kudhani ameona kaburi la jitu. Na kumbe palitoka majembe. Na akitafuta ngome hasa, ateremke mpaka Karema, pwani ya Tanganyika. Ile ilijengwa na Wabelgiji mwaka 1879, na mwaka 1885 ikatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Ngome, kama riwaya zake, ilikuja kutoka Ulaya.

Lakini mandhari ni nyumba tu. Kitishacho ni mwenye nyumba. Hapa Stoker ametumia hila ambayo wasomaji wengi hawaioni kwa sababu imetandazwa kitabu kizima. Riwaya yote ni maandishi ya watu: Harker ana shajara yake, mchumba wake ana yake, daktari asema katika fonografu, na barua na simu za maandishi zapita huku na huku. Kila mmoja ana kalamu. Dracula, illa maandishi machache mafupi, hana. Yote ayasemayo yatufikia kwa kalamu ya wamwogopao, na baada ya sura za kwanza hata hayo yawa haba. Kilichobaki ni mwili wake: uso mweupe, meno makali, masikio yaliyochongoka, vinyweleo katikati ya viganja. Mwandishi amemnyima daftari, akampa sura.

Siku chache baadaye Harker yumo chumbani akijinyoa, na mwenyeji wake asimama nyuma yake bila kuonekana katika kioo. Yafaa kutaja kwamba kioo kilipata kutumika kwa jambo lililo jirani na hilo katika nchi ya Wabemba, kusini mwa Ufipa. Audrey Richards aliandika mwaka 1935 habari za vijana watafuta wachawi, waliowapanga watu wa kijiji wapite mmoja mmoja nyuma yao, nao wakiwatazama katika kioo kidogo. Kwa Stoker mbaya hujulikana kwa kuwa hana taswira. Kwa vijana wale alijulikana kwa taswira yenyewe. Katika hali zote mbili aliyeshika kioo ndiye msemaji, na aliye nyuma hakuulizwa.

Taharuki, katika mikono ya fundi, ni deni. Mwandishi humkopa msomaji utulivu wake, na hutia sahihi kwamba atamlipa. Stoker aanza na vijambo vidogo: mwenyeji hali chakula, nyumba haina mtumishi, mchana haonekani. Msomaji aelewa kabla ya Harker, na huo mwanya kati ya kujua kwa mmoja na kutojua kwa mwingine ndio uumao. Lakini deni lalipwa. Tarehe 6 Novemba, jua likikaribia kuzama, jeneza lafunguliwa na mambo yaisha. Muhammed Said Abdulla naye alilipa, katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960: maiti yapatikana mzimuni, hofu yaelekea kwa mizimu, na Bwana Msa airudisha kwa binadamu mwenye mikono na sababu.

Uvumi una mandhari na una mhusika asiye na kalamu, lakini hauna tarehe 6 Novemba. Hukopa usilipe. Kwa hiyo wako watu waliojichukulia kuandika ukurasa wa mwisho kwa mapanga. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, katika taarifa zake za miaka ya 2012 na 2013, kilihesabu kwa mamia waliouawa Tanzania kwa kudhaniwa wachawi, wengi wao wanawake wazee, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni watosha kuyaeleza. Sehemu kubwa ya mauaji hayo iliripotiwa kutoka mikoa ya Kanda ya Ziwa, mbali na Ufipa; lakini jina la kutisha halikuhama likawafuata. Wala si haki kuitakasa Rukwa yote, maana mwaka 2013 mkoa huo ulipatwa na aibu ya watu wenye ualbino kukatwa viungo vyao.

Ufipa ilijaribu njia nyingine ya kulilipa deni hilo. Mwaka 1963 na 1964 walipita vijijini vijana waitwao Kamchape, ambao habari zao ziliandikwa na Roy Willis. Watu walitoa pembe na dawa zilizoshukiwa, wakachanjwa, na waliotuhumiwa wakatakaswa wakabaki katika kijiji chao. Wazee wengi walifedheheka mbele ya wajukuu, na hilo si dogo. Hata hivyo waliishi. Kasoro ya dawa hiyo ni kwamba haikuwa ya kwanza: wengine wa namna hiyo walikuwa wamekwisha kupita miaka ya nyuma.

Likizo ilipofika, mwezi wa Julai, wakati baridi ya nyanda za juu inapowafanya watu wakae karibu na moto mapema, yule msichana alirudi kwao na kitabu chake. Bibi yake hakusoma Kiingereza. Basi akamsimulia kwa Kifipa, jioni kwa jioni, bibi akichambua maharage katika ungo, ungo usioruka. Bibi alikuwa msikilizaji mgumu. Hakushtushwa na mbwamwitu. Mtu kuteremka ukutani kichwa chini, kama mjusi, kulimfanya aulize tu ukuta ulijengwa kwa nini. Lakini kila mara alirudia maswali ya namna moja: mgeni alipofika, maamkizi yalikwendaje? Alipewa chakula? Nani alikipika?

Naye akalipa kisa kwa kisa. Alisimulia habari ya Milansi, ambayo Willis pia aliisikia kwa wazee na kuiandika. Mtawala wa kwanza wa Ufipa alikuwa hayupo nyumbani. Wakaja wanawake wageni kutoka mbali, wa ukoo wa Watwa, wakakikalia kiti chake. Mambo yote ya Kigothi yamo: nyumba isiyo na mwenyewe, wageni mlangoni, mke peke yake, kiti kisichopaswa kukaliwa. Na msikilizaji angojea mwenye nyumba arudi, kwa hofu ya damu. Akarudi, akaona, na damu haikumwagika. Wakapatana: Watwa wakachukua nchi, yeye akabaki na Milansi na heshima yake. Hofu katika kisa hiki yaingia mlangoni kwa miguu, yapewa mahali pa kukaa, na mazungumzo yaanza. Mwalimu wa riwaya huenda akasema kwamba taharuki imepotezwa bure. Yawezekana. Msichana yule hakuwa na hakika.

Haifai kudhani kwamba bibi alimtetea Dracula. Alipofika mahali pa kunyonywa damu alisema wazi kwamba mtu huyo auawe. Riwaya ina haki ya kumfanya mbaya wake kuwa mbaya kweli. Stoker hakumsingizia yeyote, maana mtu wake hakupata kuwako.

Lakini kabla ya kufika huko palikuwa na jioni ya mahali padogo, ambapo darasani pametajwa kwa sentensi moja tu, kama dalili. Harker anyemelea chumbani mwake, amkuta mwenyeji wake akimtandikia kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Tena baadaye achungulia katika upenyo wa mlango, penye bawaba, amwona akiandaa meza. Ndipo Harker ajua kwamba ngome nzima haina mtu mwingine, na nywele zamsimama.

Msichana alinyamaza hapo makusudi, ili hofu ifanye kazi yake. Bibi aliweka ungo chini.

“Mzee mzima,” alisema, “anatandika mwenyewe? Na jirani zake?”

“Jirani zake wanamwogopa, bibi. Wanafanya ishara ya msalaba.”

“Na huyo kijana aliyekuwa mlangoni, akichungulia, hakuingia kumsaidia?”

Msichana alikifungua kitabu, ingawa alijua, akatafuta kwa mwanga wa moto.