Mchanga wa Chini ya Ndoo

Nilianza kuosha magari Tabata nikiwa na ndoo moja, sabuni ya unga na tambara la fulana kuukuu. Huu ni mwaka wa 12, na wateja wengi sasa nawafuata majumbani. Wakiona natoa bunduki ya povu huniuliza: hili povu lina kazi, au ni mbwembwe za kupandishia bei?

Lina kazi, ila wengi hawaijui ni ipi.

Kinachochubua gari ni mchanga. Vumbi la barabarani lina chembe ngumu kuliko rangi yenyewe, na lile tabaka linalong'aa juu, mafundi rangi huliita kilia, ni jembamba kuliko unywele. Ukipitisha tambara juu ya vumbi kavu, unasaga. Ndiyo maana gari jeusi likisimama juani unaona mikwaruzo ya mviringo kama utando wa buibui. Lawama anabebeshwa fundi rangi, kumbe ni lile tambara analopewa mlinzi kila alfajiri afute vumbi kabla tajiri hajatoka. Inaniuma, kwa sababu yule mlinzi anafuta kwa moyo wote, na kila siku analikwangua gari analodhani analitunza.

Povu huutangulia mkono. Linaganda mlangoni na kwenye boneti, sabuni inapata dakika 3 hadi 5 za kulowanisha uchafu na kuulegeza, kisha maji yanauchukua. Lisikaukie hapo, litaacha madoa. Kwa hiyo fanya asubuhi au jioni, boneti ikiwa imepoa.

Kuna siku nilipata gari jeupe lililotoka safari ya barabara ya vumbi, nikataka kujionea mwenyewe. Upande wa kushoto nikapiga povu, nikasuuza kwa mashine ya presha, ndipo nikaosha kwa mkono na ndoo yake. Upande wa kulia nikaingia moja kwa moja na ndoo nyingine. Nikaziacha zitulie. Ndoo ya kulia ilikuwa na mchanga mwekundu uliofunika chini yote. Ya kushoto ilikuwa nao pia, kidogo, wa kuhesabika. Lakini jambo jingine sikulitarajia: baada ya povu na presha, kabla sijagusa kitu, mlango wa kushoto bado ulikuwa na ukungu wa uchafu. Anayekuahidi kwamba povu peke yake linamaliza kazi anakudanganya. Mkono lazima upite.

Nyumbani kosa kubwa liko kwenye kusuuza. Mtu ananunua bunduki ya povu, halafu maji ya simtanki yanatoka kwenye mpira kama uzi. Povu linateremka, mchanga unabaki. Kama maji ni ya shida, punguza povu na uyatumie mengi katika kumwagia mara ya kwanza, kuanzia kwenye paa kushuka. Bomba la mkono la lita 2, jipya, lisilowahi kuwekwa dawa ya wadudu, linatosha kupulizia shampuu ya gari. Povu lake ni jepesi lakini linalowanisha. Kisha ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila unapomaliza mlango. Sabuni ya unga iache kwenye nguo, inaondoa nta.

Gari lililolala kibandani siku mbili na vumbi jepesi halihitaji povu, maji mengi yanatosha. Tope la masika, au chumvi ya upepo wa bahari kule Kigamboni, hapo povu silikosi.

Mlinzi wa nyumba moja Mbezi nilimwachia bomba langu la zamani na glavu, nikamwelekeza kwa dakika 10. Wiki iliyopita nilipita alfajiri nikamkuta anamwagia gari maji kwanza, na lile tambara lake limening'inia ukutani, kavu.