Kisanduku kimoja au vitano? Mtandao wa matawi, Kitale hadi Chwele

Kuna kazi inayomfuata mwandishi wa programu hata asipoiomba: kuchagua vifaa vya mtandao. Ofisini kwetu hapa Kitale hakuna anayetofautisha mtu wa programu na mtu wa waya. Wewe si ndiye wa kompyuta? Basi chukua matawi manne, Kiminini, Webuye, Bungoma na Chwele, utuambie tununue nini.

Sikukataa, na sababu yenyewe ina ubinafsi kidogo. Mtandao ukikatika tawini, lawama huangukia programu yangu. Sisi tunanunua mahindi. Msimu wa mavuno mkulima akifika Chwele na gunia 40, na karani ashindwe kufikia hesabu zilizoko kwenye seva ya Kitale, mkulima halipwi. Na mwenye gari lililombebea hizo gunia hataki kusikia habari za seva.

Bungoma nilikuta adapta tano kwenye ekstensheni moja: ya modemu, ya rauta, ya swichi, ya waifai, na ya kikompyuta kizee kilichofanywa fayawoli. Hakuna iliyoandikwa jina. Mtu akichomoa moja ili achaji simu, nusu ya ofisi inazimika na hakuna ajuaye kwa nini. Kwa hiyo hoja ya kisanduku kimoja chenye kila kitu ilikuwa imeshinda nusu kabla sijafungua katalogi hata moja.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 2004 Cisco ilileta familia ya ISR (1800, 2800 na 3800), ikayaambia makampuni kwamba kuelekeza data, ulinzi na simu vinaweza kukaa ndani ya boksi moja la tawi. Siku hizi kila kampuni ina lake. Tatizo ni kusoma zile namba. Chukua FortiGate 40F: katalogi inasema fayawoli inapitisha Gbps 5. Shuka mistari michache, uangalie kasi ukiwasha ukaguzi wote wa vitisho: Mbps 600. Si uongo, ni kazi mbili tofauti. Kwa tawi lenye laini ya Mbps 20 hata hiyo ndogo inatosha na kubaki. Lakini ukinunua kwa kuangalia namba kubwa ya juu, umenunua tangazo.

Halafu leseni. Hapa ndipo nilipokaa siku mbili na kikokotoo. FortiGate leseni yake ikiisha, inaendelea kupitisha data, ila orodha za vitisho haziongezwi tena. Meraki, katika mpango wa leseni zenye tarehe moja ya mwisho, ina muhula wa siku 30, kisha mtandao unasimama. Sasa fikiria kampuni ambayo hela huingia baada ya mavuno, na leseni inaisha Juni. Bosi wangu ni mtu mzuri, lakini Juni hasaini cheki.

Kwa hiyo nilipendekeza MikroTik hEX, ile RB750Gr3. Bei ya orodha ilikuwa kama dola 60, na haina leseni ya kila mwaka. Ina milango mitano, na tundu la USB la kuchomeka modemu ya 4G faiba ikikatika. Lakini kilichonivutia zaidi ni umeme: inakubali volti 8 hadi 30 za DC, na yenyewe bila vya kuchomeka haizidi wati 5. Betri ndogo ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84. Tumia nusu tu, una saa 8. Mnaokumbuka usiku wa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipozimika, mnajua kwa nini nalipigia hili kelele.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi: tawi lenye 4G au Starlink ya kawaida mara nyingi halina anwani yake ya IP ya nje. Kitale haiwezi kulipigia. Dawa ni tawi ndilo lipige Kitale. RouterOS 7 ina WireGuard; unaweka tawi litume salamu kila sekunde 25 ili mlango usijifunge. Na kwa kuwa mipangilio yote hutoka kama maandishi, nimeandika kiolezo kimoja chenye nafasi ya namba ya tawi, nikakihifadhi kwenye Git kama programu nyingine yoyote. Raha iliyoje.

Ubaya upo. Kila kitu kikiwa mlango mmoja, mwizi anahitaji ufunguo mmoja. Mwaka 2018 virusi vya VPNFilter viliingia kwenye vifaa zaidi ya 500,000 katika nchi 54, na MikroTik zilikuwamo. Kwa hiyo mlango wa usimamizi haufunguki kutoka nje, ni kupitia WireGuard pekee, na masasisho nayafanya mwenyewe.

Radi nayo haichagui. Ikipita kwenye waya wa shaba kutoka paani, kisanduku kimoja kinakufa na kila kilichomo. Ndiyo maana tunanunua sita kwa ofisi tano. Cha sita kinakaa kabatini Kitale. Tawi likipigwa, nakijaza mipangilio ya tawi hilo na kukipandisha matatu. Waya nimezipaka rangi, nyekundu ya intaneti, kijani ya ndani, na karani wa Webuye tayari amejaribu kubadilisha kwa maelekezo ya simu. Alichukua dakika saba, huku akihudumia mteja.

Waifai pekee ndiyo nimeitenga. Kisanduku kinakaa stoo, ndani ya kabati la chuma, nyuma ya magunia. Mawimbi hayapiti humo hata ukiyaombea.