Mwacheni Mkulima Afike Sokoni

Katika mambo ambayo watu huyadharau kwa kuyaona madogo, ilhali riziki za nyumba nyingi zimeyategemea, mojawapo ni soko dogo la mazao ya shamba. Nakusudia lile soko la siku moja au mbili katika juma ambalo sisi watu wa Tanga huliita gulio: mahali palipo wazi, aghalabu kando ya barabara, ambapo mwenye shamba huleta alichokilima mwenyewe, akakipanga chini juu ya gunia, akakiuza kwa mkono wake. Wengi hudhani kazi ya gulio ni kuuza na kununua tu. Mimi naona lina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo ni kumjulisha mkulima thamani ya mali yake. Mkulima asiyefika sokoni ni kama mtu auzaye gizani: hutoa asichokijua kipimo chake, akapokea asichokijua kama ndiyo haki yake.

Nimezaliwa na kulelewa katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto, nami ni mtoto wa nyumba iliyokula na kuvaa kwa biashara hiyo. Mashamba ya kwetu ni madogo, tena yako kwenye miteremko. Hulimwa mahindi na maharage ya kula nyumbani, na pamoja nayo mboga za kuuza: kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya na pilipili hoho, na matunda ya nchi ya baridi kama peasi. Baadhi ya mazao hayo yaliletwa na Wajerumani, zama mji wa Lushoto ukiitwa Wilhelmstal, lakini wenyeji wakayafanya yao. Walipokuja Waingereza, waliwalazimisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu wakaupinga mpango ule mpaka ukaachwa mwaka 1957. Nayataja haya ili msomaji ajue ya kuwa mkulima wa kule si mjinga wala si mvivu, wala si mtu wa kuburutwa. Kinachomshinda ni kitu kimoja tu, nacho ni kwamba mboga haingoji.

Mwenye mahindi aweza kuyaweka ghalani akasubiri. Lakini nyanya iliyoiva leo, keshokutwa ni taka. Mnunuzi mwenye gari aweza kwenda kwa huyu, akirudi nyuma akaenda kwa yule; mwenye nyanya hana pa kwenda nazo. Tena mnunuzi ametoka mjini asubuhi ile, ajua bei ya Tanga na bei ya Dar es Salaam, na mwenye shamba ajua bei ya juma lililopita tu. Basi hapo wamekutana watu wawili, mmoja ana haraka na hana habari, na mwingine ana habari na hana haraka. Je, mapatano yao yatakuwa sawa?

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakusoma skuli, lakini jambo hili alilifahamu vizuri. Siku za gulio alikuwa akiswali Alfajiri, kisha akajitwika tenga lake, nami nikimfuata na kapu dogo. Njia ya kwenda sokoni ilikuwa na kona moja penye mti mkubwa, na hapo ndipo wanunuzi wengine walipozoea kusimama. Siku moja kijana mmoja alimwendea akamwamkia kwa adabu zote:

“Shikamoo, mama. Mbona wajitesa na mzigo huu na mlima huu? Tua hapa. Nalichukua tenga zima, ukarudi nyumbani ukapumzike.”

Mama akamjibu, “Marahaba, mwanangu. Nashukuru kwa kunihurumia. Lakini nitatua sokoni.”

“Mama, sokoni leo karoti zimejaa. Utajuta.”

“Zikiwa zimejaa nitaziona kwa macho yangu, na wewe utanikuta huko huko.”

Tulipofika, mama hakuuza upesi. Alitua, akawaamkia wenzake, akaulizana nao hali za watoto, na katikati ya mazungumzo hayo akaokota habari zote alizozihitaji: nani kaleta nini, sado ya karoti yaenda kwa kiasi gani, gari ngapi zimepanda kutoka Mombo. Karoti hazikuwa zimejaa hata kidogo. Tenga lile lilitoa karibu mara moja na nusu ya bei ya yule kijana, na ziada ile ndiyo iliyonunua daftari na mafuta ya taa. Mama hakumlaani wala hakumsema vibaya. Alisema tu, “Mtu akikuhimiza utue mzigo kabla ya soko, jiulize ameona nini huko mbele usichokiona wewe.”

Nilipokuwa mtu mzima, nikaketi kusoma milango ya biashara katika vitabu vya fikihi, ndipo nilipokuta ya kuwa neno la mama lina asili kubwa. Mtume wetu (S.A.W.) aliwakataza watu kutoka nje ya mji kuwapokea wenye bidhaa njiani na kununua kwao kabla hawajafika sokoni. Na imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba mwenye mali aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni, ana khiari: akitaka ataridhia, akitaka atavunja. Wanazuoni wameitafuta hekima ya katazo hilo. Imamu Shafi ameangalia zaidi haki ya mleta mali, asidanganywe kwa kutojua kwake bei. Imamu Malik ameangalia zaidi haki ya watu wa sokoni, wasinyimwe mali iliyokuwa ikiwajia. Tazameni ajabu yake! Kitendo kimoja cha njiani chaweza kuwadhulumu watu wa pande mbili, aliyelima na atakayekula. Kadhalika limekatazwa kuuza matunda kabla hayajadhihirika uzima wake, kwa kuwa anayeuza kisichojulikana hujenga nyumba juu ya mchanga.

Msomaji aweza kusema kwamba hayo yalikuwa mambo ya misafara na ngamia. La, ndugu yangu, yako nasi hata leo, ila yamebadili nguo. Siku hizi mnunuzi hangoji kwenye kona. Gari lake hufika mpaka ukingo wa shamba. Na huko shambani hakuna mzani. Kuna gunia, na juu ya gunia huongezwa kilemba kikubwa kilichoshonewa kwa kamba au wavu. Hiyo ndiyo iitwayo lumbesa. Mathalani watu wamepatana bei ya gunia moja kwa hesabu ya kilo 100, na lile lililoshonwa kilemba likawa na kilo 130. Katika magunia 10 mkulima atakuwa ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu kamili yamekwenda bila ya kuandikwa popote. Aliyapalilia nani magunia hayo? Mbegu yake ilinunuliwa na nani?

Nalimjua mzee mmoja wa kijiji cha kwetu, jirani ambaye sisi watoto tukimwita baba mdogo. Mwaka mmoja aliuguliwa na mkewe, akauza viazi vyake vingali ardhini kwa fedha ya haraka. Wakati wa kuvuna yalijazwa magunia ya lumbesa moja baada ya moja, naye amesimama kando na fimbo yake anatazama. Alipohesabu alichopata akakuta hakifiki gharama ya mbegu na mbolea. Muhula uliofuata binti yake mkubwa hakurudi skuli. Hakuna aliyepigwa wala aliyeibiwa usiku. Yote yalitendeka mchana, kwa kupeana mikono na kuitana ndugu. Dhuluma ya namna hii ndiyo iliyo ngumu kuiondoa, kwa sababu imevaa nguo ya mapatano.

Serikali haikunyamaza. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, na tangu mwaka 2002 iko Wakala wa Vipimo ya kuisimamia. Na kifungashio cha mazao ya shamba hakiruhusiwi kuzidi kilo 100. Jirani zetu wa Kenya waliweka kanuni za viazi mwaka 2019, wakataka gunia lisizidi kilo 50. Hizo ni kanuni njema. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila shamba la mlimani, na mkulima mmoja akikataa lumbesa, gari humpita likaenda kwa jirani. Kwa hiyo nguvu ya kwanza ni wakulima wenyewe kupatana kijiji kizima, kununua mzani mmoja wa shirika, na kuuza kwa kilo.

Wala sisemi kwamba kila mnunuzi mwenye gari ni mwovu. Hilo lingekuwa kusema uongo juu ya watu. Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto ni ya kona tupu, na mvua kubwa huangusha udongo njiani. Mwenye gari hulipa mafuta, wapakiaji na ushuru, na mzigo ukioza hasara ni yake. Bila yeye, kabichi ya Lushoto isingeonekana Kariakoo. Faida yake ni halali, na jasho lake ni jasho. Tunalolikataa ni faida inayotoka katika kutojua kwa mwenzake, si ile inayotoka katika kazi yake mwenyewe.

Tena wako wanaodhani kwamba mkulima akijua bei, mlaji mjini ndiye atakayeumia. Hilo limechunguzwa, tena katika nchi inayopakana na bahari yetu hii hii. Huko Kerala, kusini mwa India, simu za mkononi ziliingia kwa wavuvi wa dagaa kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya hapo kila mvuvi alishukia pwani ya kwao bila ya kujua habari za pwani nyingine, hata samaki wakamwagwa hapa ilhali pale wanatafutwa. Walipoanza kuulizana bei wangali baharini, umwagaji ule ulikoma. Mchumi Robert Jensen, aliyeandika habari hiyo mwaka 2007, alikuta faida ya wavuvi imepanda kwa kiasi cha asilimia 8, na bei kwa walaji imeshuka kwa kiasi cha asilimia 4. Basi ukweli wa bei haukumla mtu yeyote. Uliokuwa ukiwala wote wawili ni ujinga.

Na mkulima naye ana lake la kuambiwa. Haki ya kujua bei huenda pamoja na wajibu wa kuonyesha mali. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo la chakula, akaukuta unyevu umefichwa chini, akamkemea mwenyewe. Anayepanga nyanya nzuri juu na zilizopondeka chini, au aliyebonyeza kitako cha sado ili ijae upesi, amefanya kwa udogo wake lile lile analolilaumu kwa mwenye lumbesa. Mama yangu alikuwa akizitenga peasi zilizogongwa, akaziuza fungu la peke yake kwa bei ya chini, akawaambia watu sababu. Wanunuzi walimzoea, wakawa wakimtafuta yeye.

Mimi leo naishi mjini Tanga, na mboga za jikoni kwangu nazinunua Mgandini kama wengine. Kwa hivyo maneno ninayoyaandika yananihusu kama yanavyowahusu wasomaji. Enyi wenye nyumba, mkipita penye gulio na kumkuta mama ameketi nyuma ya mafungu yake, nunueni kwake, wala msimvute bei mpaka mkamfikisha mahali ambapo anauza kwa kuogopa jua la alasiri. Kupatana bei ni desturi yetu na si vibaya, lakini mtu mwungwana hujua pa kukomea.

Nanyi vijana mliosoma, ambao wazazi wenu wangali wanalima, mnayo simu mkononi tangu asubuhi hadi usiku. Itumieni hata mara moja kwa juma kuuliza bei ya viazi au ya kabichi katika soko la mjini, mkampelekea habari baba au mama kabla gari halijafika shambani. Pesa mnazowatumia wazee ni wema mkubwa, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini habari ya kweli ya bei, ifikayo kwa wakati wake, yaweza kuwapa zaidi ya pesa hizo, kwa kuwa inawarudishia kilicho chao. Mzee aliyepewa msaada hushukuru. Mzee aliyepata haki yake hutembea ameinua kichwa.