Hati Ndogo na Hati Kubwa

Nilipokwenda Kapata kumwamkia mama yangu, watu wa mtaa walinizunguka baada ya Misa. Wakaniuliza, "Ati ni kweli unaendesha ndege huko Ubelgiji?" Nikajibu, "Ni kweli." "Basi mbona umekuja umeketi nyuma na abiria wenzako?" Tulicheka sote. Lakini mama hakucheka sana. Akasema, "Mwana wangu, ndege yako sisi hatujaiona." Neno hilo nililichukua mpaka Ulaya.

Kwa kweli hati yangu ya urubani ilikuwa ile ndogo, iliyowekwa na Umoja wa Ulaya kwa sheria ya 2011. Mtu huipata akiisha kujifunza hewani saa 30 na kufaulu mtihani. Humruhusu kuendesha ndege ya injini moja isiyozidi kilo 2,000, pamoja na abiria 3. Na hao hawachukui siku ile ile, hapana, sharti kwanza aruke saa 10 akiwa yeye mkuu wa ndege. Kwa matembezi ya Jumapili yenye jua, yatosha. Ila hati hiyo haitimizi kanuni za dunia zitokanazo na Mkataba wa Chicago wa 1944. Kwa hiyo nje ya nchi zinazoshika sheria ile ya Ulaya, haina nguvu kwa yenyewe. Kolwezi ingekuwa karatasi tu.

Hati kubwa yatambulikana duniani, ingawa nayo ni ya mtu binafsi, wala haimpi ruhusa ya kulipwa mshahara kwa kurusha ndege. Mwenye hati ndogo aitakaye aongeze saa 15, na katika hizo saa 10 ziwe za mafunzo. Humo mna saa 4 za kuruka peke yake chini ya uangalizi wa mwalimu, na safari moja ya kilometa 270 au zaidi, akitua katika viwanja viwili vingine.

Nasema kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimekwisha kuruka miaka mitatu! Ndipo nikamkumbuka marehemu baba. Yeye alikuwa dereva mgodini, tangu siku za Union Minière mpaka za Gécamines iliyoshika kazi hiyo 1967. Alianza na lori dogo la kubebea vifaa. Alipopelekwa kwenye malori makubwa ya mawe ya shaba, aliwekwa majuma mengi kando ya mzee mmoja, akarudi nyumbani amenuna: "Miaka sita naendesha, leo nafundishwa kufunga breki!" Sisi watoto tulikaa kimya. Baadaye alitueleza kwamba siku ya kwanza aliposhuka shimoni na mzigo, mguu wake ulitaka kufanya kama ulivyozoea, na mazoea yale ndiyo yangemwua.

Kabla ya yote nilipelekwa kwa daktari wa marubani. Kwa kuwa nimepita miaka 40, hati kubwa yataka pia kipimo cha moyo kwa mashine. Moyo ndio uliomwondoa baba. Nililala juu ya kitanda kile nikiwa na nyaya kifuani, nikiona haya kwa jinsi nilivyoogopa. Daktari akaitazama karatasi kwa muda mrefu (au labda ni mimi niliyeona mrefu), akapiga muhuri.

Safari yangu ya peke yangu ilianza Grimbergen, kaskazini ya Brussels, uwanja wa majani tu, kwenda Saint-Hubert katika vilima vya Ardennes, kisha Kortrijk, kisha kurudi. Saint-Hubert u juu, karibu mita 560 kutoka bahari. Asubuhi ile habari za hewa zilikuwa njema. Nilipouvuka mto Meuse, niliona mawingu yamekalia vilima kama kifuniko juu ya chungu. Chini yake palibaki nafasi nyembamba. Nilijiambia, "Nitapita." Nikashuka kidogo. Nikashuka tena. Miti ikawa mikubwa. Nikajiona ninavyotafuta sababu: kodi ya ndege nimelipa, mama anangoja. Nikageuza.

Nilipotua Grimbergen mwalimu alikuwa amesimama kando ya njia. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza tu nilianza kufikiri kugeuza nikiwa wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani. Akaweka kidole nyuma ya hapo, kilometa nyingi nyuma, akasema, "Hapa." Kwa saa zote zile sikufundishwa neno kubwa kuliko hilo. Majuma matatu baadaye nilikwenda tena, nikatua kote, na mwishoni nikafaulu mbele ya mtahini.

Nilimpigia mama simu. "Basi unakuja nayo lini?" Ikanipasa kumweleza kwamba bado: wakubwa wa usafiri wa anga Kinshasa hawana budi kuikubali hati yangu kwanza, na ndege ya kukodi itafutwe. Tena Kolwezi iko juu, mita 1,400 na zaidi; hewa ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, ndege hutaka njia ndefu zaidi ili iinuke. Mimi nimezoea uwanja ulio karibu sawa na bahari. Hapana budi nikae tena kando ya mwalimu.

"Tena?" akasema mama.

"Tena, Mama."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama lile shati la baba la kazi lingali kwangu.