TULIFIKA WAPI KU RUWENZORI?



Kila mwaka, katika somo la jeografia, tukifika ku sura ya milima, mwanafunzi mmoja ananyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, ni kweli ulishika theluji?" Na sisi, kila mwaka, tunaweka chaki chini na kueleza safari ya Julai 1987. Darasa linanyamaza. Hata wale wa nyuma wanaacha kuongea. Mwisho wa hadithi tunasema: "Basi, tulifika." Kengele inalia, mnatoka mkifurahi.

Leo tunaandika juu ya lile neno "tulifika". Mtatusamehe tukijiita "sisi" hata pale tulipokuwa peke yetu. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika. Lakini mtaona hapa chini namna lile neno dogo lilivyotuletea matata.

Sisi tuliozaliwa Kindu tunajua jua, mvua na mto. Mji wetu uko karibu meta 500 tu juu ya bahari. Baridi yetu ni ile ya asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa juu ya Lualaba na wavuvi wakijifunika mablanketi. Barafu yetu ni ile ya frigo. Neno "theluji" tulilikuta mara ya kwanza katika Biblia: nabii Isaya, alipotaka kusema weupe usio na doa, aliitaja theluji. Tulikariri ile mistari tukifikiri ni namna ya pamba.

Wakati ule tulikuwa tunasoma ualimu Bukavu. Nchi iliitwa Zaire, na Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Ilitengwa mwaka 1988. Katika chumba chetu kulikuwa kijana mmoja Munande wa Mutwanga, karibu na Beni, chini kabisa ya Ruwenzori. Yeye alizaliwa akiiona ile theluji. Alituambia kwamba asubuhi mbingu ikiwa safi, ukisimama ku kiwanja cha mama yake, unaona weupe kule juu. Saa tatu mawingu yanafunga, na yote yanapotea kama haikukuwa. Kwao wana hata jina la kile kitu: nzururu. Babu yake aliwabebea Wazungu mizigo mpaka ku barafu yenyewe. Mwenzetu alikuwa na tamaa moja: kukanyaga pale babu yake alipokanyaga.

Mwaka mzima tulifundisha watoto wa jirani jioni, zaire moja moja, ili tupate kulipa kiongozi na wapagazi. Ruwenzori iko ndani ya Hifadhi ya Virunga, na huwezi kupanda peke yako. Vakansi ilipofika, tulichukua mashua mpaka Goma, kisha kamioni, tukikaa juu ya magunia: Rutshuru, Kanyabayonga, Lubero, Butembo, Beni. Tulifika Mutwanga weupe kwa vumbi.

Mama ya mwenzetu alitupikia, akatutazama sana, akamwambia mtoto wake: "Weye njo unajua mulima. Huyu ni mutoto wa batu. Umurudishe muzima."

Siku ya kwanza tulipita mashamba, kisha msitu, tukalala Kalonge, zaidi ya meta 2,000. Siku ya pili tuliingia mu mianzi, kisha mu miti ya ajabu iliyoota ndevu za kijani toka chini mpaka juu, maji yakichuruzika kila tawi. Na matope! Mguu ulizama mpaka magotini, na viatu vya mpira vilibaki ndani. Mwenzetu alikumbuka picha katika kitabu cha Kifaransa: watu wa nchi za baridi wanafunga chini ya viatu kitu kipana kama ungo, ili wasizame mu theluji. Akasema: "Tungeleta nyungo za mama!" Tulicheka mpaka kiongozi akatugeukia. Alikuwa mzee wa maneno machache, na alitukataza kucheka tukiwa tunapanda, juu cheko inakula pumzi.

Usiku ule, ku Mahangu, karibu meta 3,300, kichwa kilianza kutuuma. Mwenzetu aliuliza: "Weye, kichwa inakuuma?" Tukajibu: "Apana, ni usingizi tu." Ule ulikuwa uongo wa kwanza.

Siku ya tatu tulipita katikati ya mimea ambayo mtu wa Kindu akiiota ndotoni atasema ana malaria: lobelia ndefu kama nguzo, na miti minene yenye majani kichwani kama mtu aliyebeba kabichi. Hatua kumi, kupumzika. Hatua tano, kupumzika. Mbele ya jioni tulifika nyumba ya Kiondo, karibu meta 4,300. Hapo mawingu yalifunguka kwa dakika chache, nayo tukaiona: barafu imelala mabegani mwa mlima, si nyeupe tu, pembeni ina rangi ya samawati. Juu yake ilikuwa ncha ya Margherita, meta 5,109, mlima wa kwanza kwa urefu katika nchi yetu. Jina lile ni la malkia wa Italia. Lilitolewa na Luigi Amedeo wa Abruzzi, aliyefika kule mwaka 1906. Mwenzetu hakusema kitu. Machozi yalimtoka, akasema ni upepo.

Usiku hatukulala. Tulitoka nje kutapika, kimya kimya, ili wengine wasisikie. Uongo wa pili.

Kulipokucha, mawe yote mbele ya nyumba yalikuwa meupe. Ilikuwa kama mtu amemwaga unga wa muhogo juu ya dunia na hakuna aliyekuja kuuokota. Theluji ilianguka usiku. Ndiyo, ndugu wanafunzi, hapo njo tuliishika, na jambo hilo ni kweli. Ilituunguza mkono kama moto, kisha ikawa maji. Tulitembea juu yake, na chini ya viatu ililia kama mtu anatafuna karanga. Tulitazama nyuma: nyayo mbili mbili, zake na zetu, safi kama zimepigwa chapa.

Ni zile nyayo zilizotusema. Kiongozi alizitazama akaona za mwenzetu zinakwenda sawa, zetu zinakwenda huku na huku. Akatuambia tutembee mstari ulionyoka, kisigino mbele ya kidole. Tulijaribu, tukaanguka. Akauliza: "Tangu wakati gani?" Tukasema: "Tangu Mahangu."

Mzee hakukasirika. Alisema: "Mulima haina shida na mutu. Lakini mwenye kutembea sawa mulevi, anashuka leo." Kisha akatoa shauri: mpagazi mmoja atushushe sisi, naye aendelee na mwenzetu mpaka ku barafu, ni mwendo wa saa chache tu.

Mwenzetu alitazama juu. Mbingu ilikuwa wazi, kitu ambacho ku Ruwenzori ni haba sana. Tukamwambia: "Enda, ndugu yangu. Kumbuka babu yako." Alisimama muda mrefu. Kisha akachukua mfuko wetu, akauweka juu ya wake, akasema: "Mama aliniambia nini? Tushuke." Mbele ya kuondoka alijaza theluji mu termosi.

Hapa tuwe walimu kidogo. Kila ukipanda meta 1,000, baridi inazidi kwa digri sita hivi. Njo maana theluji inakaa hata hapa ku ikweta. Hewa nayo inapungua uzito: ku meta 4,300 imebaki karibu asilimia 60 ya ile ya ufukoni mwa bahari, na kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo. Mwili unahitaji siku nyingi ili uzoee. Usipozoea, kichwa kinauma, unatapika, unakosa usingizi. Ukianza kuyumba kama mlevi, ni kwamba ubongo umeanza kuvimba, na mtu anaweza kufa. Mapafu pia yanaweza kujaa maji. Dawa ya kwanza ni kushuka, tena upesi. Anayeficha anajiua, na anawatia wenzake hatarini pamoja naye.

Sisi tulishuka. Kabla ya kufika Mahangu kichwa kilianza kufunguka; ku Kalonge tulikula ugali kama askari. Njia nzima mwenzetu hakutulaumu hata mara moja. Ku Mutwanga alimpa mama yake termosi. Mama akafungua, akakuta maji. Akacheka sana, akasema: "Njo hii babu yako alikuwa anasifu?" Akaipikia chai, tukainywa wote watatu.

Sasa tusikilizeni vizuri. Tulipoanza kufundisha hapa Kindu, mwanafunzi wa kwanza aliyeuliza alisema: "Mwalimu, mulifika?" Tukasema: "Tulifika." Mu roho tulikuwa na maana ya Kiondo. Lakini wao walielewa barafu. Nasi tuliona kwamba wameelewa barafu, tukanyamaza. Mwaka uliofuata tuliongeza kamba. Mwaka mwingine tukaongeza shoka la barafu. Hadithi ikapanda peke yake pale ambapo miguu haikupanda, mpaka wenye kuwa baba na mama leo wanasema mwalimu wao alitembea juu ya barafu ya Ruwenzori.

Mwezi uliopita simu ililia. Alikuwa mwenzetu. Siku hizi anakaa Butembo na jamaa yake. Alitoka Mutwanga wakati wa mauaji yaliyopiga pande zile mwisho wa 2020 na mwaka 2021. Kule Butembo alikutana na kijana mmoja aliyesoma hapa kwetu. Kijana alipojua yeye ni wa Mutwanga, alimwambia kwa furaha yote habari ya mwalimu wake na rafiki yake, namna walivyofunga kamba viunoni na kupanda barafu mpaka juu.

Mwenzetu alicheka mu simu. "Kumbe tulifika?"

Tulikosa la kujibu. Tukauliza: "Weye ulimujibu nini?"

Akasema: "Nilimujibu ndiyo, tulifika. Juu ya nini nikuaibishe mbele ya mutoto wako?"

Usiku ule hatukulala, na haikuwa hewa ya mlima. Mara ya kwanza aliacha barafu yake juu yetu. Mara hii, juu yetu tena, yeye asiyesema uongo alisema uongo. Na ile hadithi yetu nzuri, pamoja na kamba na shoka, ilifuta kitu kimoja tu: lile tendo alilolifanya asubuhi ile mbele ya nyumba ya Kiondo. Miaka yote mlisikia habari za mtu mmoja shujaa wa Kindu. Hamkusikia habari za kijana aliyekuwa na mbingu wazi, miguu mizima na njia ya saa chache, akachukua mfuko wa mwenzake akageuka.

Na kugeuka kule kulikuwa na bei kubwa kuliko tulivyojua. Tulipoagana tulisema tutarudi mwaka mwingine. Kisha ikaja kazi, ndoa, watoto, na vita juu ya vita. Wakati huo barafu haikutungoja. Mwaka 1906 barafu zote za Ruwenzori, kwetu na upande wa Uganda, zilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Mwaka 2003 haikubaki hata moja kamili. Mwaka 2022 UNESCO ilisema kwamba barafu za Afrika, za Kilimanjaro, za Mlima Kenya na hizi zetu, huenda zitakuwa zimekwisha ifikapo mwaka 2050. Wengi wenu mtakuwa na miaka 40 hivi. Babu ya mwenzetu aliikanyaga, mwenzetu aliiona kwa macho, na watoto wake labda wataisikia tu katika somo, kama sisi tulivyoisikia Kindu.

Basi, mwaka huu mkituuliza tulifika wapi, jibu ni hili. Tulifika Kiondo. Theluji tuliishika, ile iliyoanguka usiku. Barafu hatukuikanyaga, na sababu ni kwamba mmoja wetu alificha ugonjwa wake siku mbili, na mwingine alikataa kumwacha. Kamba na shoka zifuteni mu makaye yenu.

Na wewe mwanafunzi ambaye leo uko na kichwa kinauma, au njaa, au haujaelewa somo, na mtu anakuuliza na wewe unajibu "apana, ni usingizi tu": sema. Kuna mwenzako atakayepoteza kitu kwa ajili yako, na mara nyingi hatakuambia ni kitu gani.

Nakala moja ya gazeti hili itakwenda Butembo pamoja na mtu wa kwanza atakayesafiri. Tumeandika juu yake kwa biki: "Ndugu, soma, kisha umutafute yule kijana."